Kofia ya duka imepigwa X: mara nyingi kosa ni nguzo, si kivuli

mchora_ramani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kuchora ramani za maduka na fremu, na swali linalonijia kuliko yote halihusu jengo lenyewe. Linahusu kile kipande kinachotokeza nje ya ukuta: kofia ya bati, turubai la kukunja, kanopi ya vioo, upenu wa mabomba ya skwea. Mtu ananitumia picha, X nyekundu ya kuamriwa kubomoa iko kwenye nguzo, chini kaandika "nimekosa nini, si nawapa watu kivuli?" Nimeona niandike mara moja hapa, kesho niwe natuma linki tu.

Msimamo wangu nauweka mbele. Miji yetu ya joto inahitaji kofia nyingi kuliko zilizopo. Kinachotakiwa kuzuiwa ni nguzo iliyosimikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, pamoja na chochote kinachoning'inia chini ya kichwa cha mtu mrefu. Hayo mawili tunayachanganya na kivuli chenyewe, mgambo naye anayachanganya, na matokeo yake anayekatiwa ni yule aliyefunga turubai lake vizuri ukutani, kwa sababu kulikata ni dakika tano. Aliyemwaga zege la nguzo nne juu ya mtaro anadunda, maana kumbomolea ni kazi ya kutwa.

Tuanze na mpaka. Kiwanja chako kinaishia kwenye mstari unaounganisha bikoni, yaani zile alama za mpimaji kwenye kona za kiwanja, na mstari huo haukai ardhini tu, unapanda juu pia. Jengo likiwa limejengwa hadi ukingoni, kama yalivyo mengi pale Kariakoo, basi hata sentimita 10 za kofia ziko juu ya barabara. Jengo lililorudi nyuma mita mbili lina nafasi ya kupumua: kofia inaweza kuishia ndani ya kiwanja na barabara isiguswe. Kwa hiyo kabla hujamwita fundi, itafute bikoni. Wapangaji wengi wa fremu hawajawahi kuiona.

Sheria ya kwanza hapa Tanzania ni ya Mipango Miji, Na. 8 ya mwaka 2007. Inataka kibali kabla ya uendelezaji katika eneo la mipango, na kuongeza kitu cha kudumu kwenye jengo ni uendelezaji. Maana yake hata kofia isiyovuka bikoni inahitaji karatasi. Watu wanasema turubai la kukunja halihesabiki. Jioni unalikunja, sawa, lakini vyuma vyake vinalala ukutani, na ofisa anaweza kukuuliza kuhusu vyuma hivyo.

Ya pili ni Sheria ya Barabara, Na. 13 ya mwaka huohuo. Kwa barabara kuu na za mikoa, hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili yake, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa 22.5. Ndiko zilikotoka X za rangi mbili: aliyekutwa na upanuzi wa 2007 ndani ya zile mita 7.5 zilizoongezwa alipigiwa ya kijani, ana haki ya fidia. Aliyeko ndani ya 22.5 za zamani alipigiwa nyekundu, aondoke mwenyewe. Turubai la mwaka jana haliwezi kupata ya kijani, tusidanganyane. Mitaa ya ndani iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu 2017, na upana wa kila mtaa unasomwa kwenye ramani ya mipango miji ya eneo husika. Kupima kwa hatua na kukadiria kwa macho hakusaidii.

Kwa hiyo kofia moja ya mita moja na nusu inaweza kuwa na wenyewe watatu: halmashauri kwa kibali, TARURA au TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa) kwa anga ya barabara, na mwenye jengo aliyekupangisha fremu, ambaye jina lake ndilo linalotakiwa kwenye maombi. Hapo bado waya wa umeme unaopita kimo cha ghorofa ya kwanza, ambao bati lako linaweza kuusogelea kuliko inavyofaa. Ukivuka maji kwenda Mji Mkongwe anaongezeka wa nne: Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, ya tangu 1985. Mji ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na sura ya nje ya jengo haiguswi bila ruhusa yao. Kule suala si upana tu. Watauliza ni bati, mbao au plastiki, na linaziba roshani ya nani.

Sasa jua, maana watu wanagombea sentimita bila kujua zinafanya kazi gani. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Juni, mchana jua likiwa juu kabisa, linaegemea kaskazini kama nyuzi 30. Kofia ya mita moja kwenye ukuta unaotazama kaskazini inatupa kivuli cha mita 1.7 hivi kushuka ukutani. Ukuta wa kusini una raha zaidi: jua la Desemba saa hiyo liko karibu utosini, na mita hiyohiyo inashusha kivuli cha mita 3 na zaidi. Magharibi ndiko kwenye balaa. Machi au Septemba, saa kumi na nusu jioni, jua limelala, na kofia ya mita moja inafunika nusu mita na kidogo tu ya ukuta. Ukitaka kulimaliza jua hilo kwa kofia peke yake utafika katikati ya barabara. Ndiyo maana nguzo nyingi zinazopigwa X ziko kwenye maduka yanayotazama machweo: mwenyewe alianza na mita moja, akaona jua bado liko kwenye friji, akaongeza mbili, zikadai nguzo. Dawa yake ni pazia la turubai la kushusha saa tisa na kupandisha magharibi. Linaning'inia sambamba na ukuta, halichukui barabara ya mtu.

Kuna mtego mwingine: maandishi. Turubai tupu ni kivuli. Ukiandika jina la duka, linakuwa bango, na bango lina ada yake inayohesabiwa kwa ukubwa. Ukipewa turubai la bure na kampuni ya soda, lenye rangi na chupa yao, muulize mleta turubai kwa maandishi nani analipia bango hilo. Ankara ikija itakuja kwenye mlango wako, yeye keshaenda mtaa wa pili.

Ningekuwa naandika sheria ndogo ya halmashauri ningesema hivi: sehemu ya chini kabisa ya kofia isipungue mita 2.4 kutoka ardhini, ncha yake ibaki nusu mita kabla ya ukingo wa lami, hakuna nguzo, hakuna ubavu wa kuziba pembeni, maji yaingie kwenye gata na yateremke ukutani. Anayetimiza hayo apewe kibali kwa karatasi moja na picha mbili, asiambiwe alete michoro kama anajenga ghorofa. Leo njia ya halali ni ndefu kiasi kwamba mtu anaona bora afunge Jumapili watu wakiwa kanisani.

Karibuni.

DukaLaKona

Mkuu umenigusa. Fremu yangu inatazama magharibi, na nguzo zangu nne hazijachimbiwa, zimesimama kwenye ndoo za zege. Fundi aliniambia hizo ni za kuhamishika, kwa hiyo si ujenzi. Juzi nimepewa siku saba. Yuko sahihi fundi au ofisa?

mchora_ramani

Ndoo ya zege ni nguzo, tena mbaya kuliko ya kuchimbiwa, kwa sababu imepanuka chini. Mtu anajikwaa kwenye ndoo kabla hajaiona bomba. Kuhusu "kuhamishika": swali ni kama inahama. Ikilala hapo miezi, imekaa. Tumia hizo siku saba kuziondoa, paa libebwe na ukuta, kisha nenda ofisini na picha ya baada. Ukienda na hoja ya ndoo utapoteza siku zako.

fundi_kuchomelea

Naomba nisemee upande wetu, maana kila kitu kinaishia kwa fundi. Nguzo hatuziweki kwa kupenda. Tunaziweka kwa sababu ukuta wa fremu nyingi ni tofali za inchi 6 na mchanga mwingi, ukipiga bolti ya kawaida inatoka na unga wake.

Kofia isiyo na nguzo inashikwa na lenta, ule mkanda wa zege ndani ya ukuta. Tafuta lenta ilipo juu ya mlango, toboa hadi upande wa pili, pitisha bolti ndefu, kwa ndani weka kipande cha bamba kama kiganja ili nati isizame ukutani. Kisha mkono wa pembe tatu kila mita moja na robo au chini ya hapo. Mwenye jengo akikataza kutoboa, basi hamna kofia, hamna ujanja.

Halafu upepo. Wateja wanadhani mzigo ni uzito wa bati. Kusi likipiga kwenye upenu linauinua, linauvuta juu kama tanga la jahazi. Turubai ni jepesi zaidi na ndilo linalong'oa ukuta. Kwa hiyo bolti za juu na za chini zote zinafanya kazi, moja inavutwa mchana wa upepo, nyingine inabeba siku ya mvua. Ukiona kofia imefungwa kwa misumari ya zege, pita upande wa pili wa barabara.

FimboNyeupe

Mimi sioni, na naomba mnisikilize kwa sababu nyuzi za namna hii huwa zinahusu wenye maduka tu. Fimbo yangu inagusa chini. Nguzo naikuta, naizunguka, inanikera lakini hainiumizi. Kinachoniumiza ni kile ambacho fimbo haikijui: ncha ya bati iliyokatwa kwa mkasi ikaachwa kimo cha paji la uso, mkono wa chuma wa turubai uliosahaulika wazi, kamba ya turubai iliyofungwa kwenye mti wa jirani. Nina alama mbili usoni na zote ni za maduka yenye wenyewe wapole sana.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, inataka maeneo ya umma yafikike. Sijawahi kusikia X imepigwa kwa sababu ya urefu wa bati. Zinapigwa kwa sababu ya mita kutoka barabarani. Kwa hiyo mchora_ramani, kile kipimo chako cha 2.4 kipandishe kiwe cha kwanza, nguzo ije ya pili.

mchora_ramani

Nakubali, kimo kinatangulia. Na ncha ya bati ikunjwe au ifunikwe kwa bomba lililopasuliwa. Fundi hapo juu atakuambia ni kazi ndogo.

fundi_kuchomelea

Ndogo sana. Hatufanyi kwa sababu hakuna anayelipia.

Mstaafu_Mipango

Nimefanya kazi ofisi za mipango miji, sitataja wapi. Vijana mnaandika kama vile ofisa anachukia kivuli. Niwaeleze kwa nini tulikuwa wakali.

Kivuli kikishakaa, mali inafuata. Wiki ya kwanza ni turubai. Wiki ya pili inatoka meza ya kuonyeshea bidhaa, "ya muda tu". Mwezi ukiisha kuna wavu pembeni, vitu visiibiwe. Mwaka ukiisha kuna geti, tofali na mita ya umeme, na mtu ana barua ya kuuziana eneo ambalo ni njia ya umma. Nimeona mpaka mirathi inafunguliwa juu ya upenu. Sasa ofisa mmoja ana kata nzima, hana gari, ataweza kumfuatilia kila mtu aone turubai limefika hatua gani? Rahisi ni kukataza lote.

Na mwenye duka naye si malaika. Oktoba 2021, machinga walipokuwa wanaondolewa mbele ya maduka Dar, tulisikia kilio cha kuzibiwa milango. Baadhi ya waliolia ndio waliokuwa wanapokea chochote kila asubuhi kutoka kwa machinga huyohuyo, kwa ajili ya nafasi ya chini ya turubai. Kivuli kilikuwa kinapangishwa.

mchora_ramani

Mzee shikamoo. Hoja yako ni nzito, ila tazama inakotupeleka: kwa kuwa hatuwezi kulinda ardhi iliyo chini ya kivuli, tunaondoa kivuli. Mita ya umeme aliipataje bila ofisi kujua? Hapo ndipo pa kuziba.

Tatizo lenyewe ni la zamani, na si letu peke yetu. Mwaka 1822 Raffles, afisa wa kikoloni wa Uingereza, alipoelekeza mpango wa mji wa Singapore, aliagiza kila nyumba ya mtaani iwe na veranda ya kina kilichopangwa, iwe wazi wakati wote, na zote ziungane kuwa njia moja yenye paa pande zote mbili za mtaa. Yaani mwenye nyumba alilazimishwa kumpa mpita njia kivuli. Hayo unayosema yalitokea vilevile: wenye maduka wakajaza bidhaa verandani, na 1888 serikali ya mji ilipotaka kuzisafisha, maduka yakafungwa na ghasia zikazuka. Veranda hazikufutwa. Ziko mpaka leo, watu wanapita chini yake mvua ikinyesha.

Bologna, Italia, wametangulia zaidi: sheria ya mji ya 1288 iliwataka wenye nyumba wajenge ukumbi wa nguzo mbele, na kimo chake kilikuwa futi 7 za kwao, kama mita 2.66, mtu apite amepanda farasi. Mwaka 2021 kumbi hizo zimeingia urithi wa dunia.

mkosoaji_mkuu

Kaka unatuletea Bologna wakati hapa mtaro wenyewe hauna mfuniko. Na zile ni nguzo! Si ulisema kosa ni nguzo?

mchora_ramani

Umenibana vizuri. Tofauti ni hii: kule nguzo zilipangwa pamoja na jengo, ziko kwenye mstari mmoja, na njia ya kupita ilitolewa kwenye kiwanja cha mwenye nyumba. Mtu alirudisha sakafu ya chini nyuma, juu akabaki na vyumba. Hapa tunajenga hadi kwenye bikoni, kisha tunaenda kupanda nguzo kwenye ardhi ya umma. Wewe ukitaka nguzo, rudi nyuma mita mbili na nusu ndani ya kiwanja chako na utapewa kibali bila kelele.

Binti_Ngamiani

Tanga tunayo hayo majengo, wala hamna haja ya kwenda Italia. Zile nyumba za zamani za Wahindi zenye veranda za nguzo, unatembea kivulini unasalimiana na mafundi cherehani. Shida yake ni sakafu. Kila mwenye duka ameinua kibaraza chake kwa kipimo anachotaka, unapanda ngazi mbili, unashuka moja, kisha kuna kizingiti cha maji. Bibi mwenye kiti cha magurudumu anashuka barabarani na pikipiki. Kwenye ile sheria yako ndogo ongeza sakafu iwe ya usawa mmoja toka kona hadi kona, la sivyo kivuli hicho ni cha wenye miguu mizima.

Na mumwambie mkosoaji kwamba mtaro usio na mfuniko ni sababu nyingine ya kutokuweka nguzo. Watu wanasimika nguzo kwenye ukingo wa mtaro, ukingo unabomoka, maji yanatafuta njia dukani kwake mwenyewe.

mkazi_wa_Makadara

Salamu kutoka Mombasa, nduguzanguni. Huku kwetu wanaokuja ni kanjo, askari wa kaunti, na mwaka 2018 serikali ya kaunti iliamuru majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe, na mapambo ya buluu. Watu walinung'unika gharama, lakini mimi naitaja kwa sababu nyingine: rangi ilisemwa waziwazi, kila mtu akajua ni ipi, duka la rangi likajua, fundi akajua. Ukubali usikubali, hukuwa na la kubahatisha. Kofia za maduka hazijapata bahati hiyo. Leo mmoja anaambiwa atoe, jirani yake anaachwa, na wote wawili wana bati lile lile.

Mji wa Kale ni mlango mwingine, kule ni eneo la hifadhi na kubadilisha uso wa nyumba kuna ofisi yake. Halafu Kenya nzima ilikuwa inatumia kanuni za ujenzi za 1968, zaidi ya nusu karne, mpaka ikaja Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya 2024. Ukienda kuomba kibali siku hizi, hakikisha mchoraji wako hajakunakilia vifungu vya babu.

mpiga_bolti_Ohio

Niko Marekani, na kazi yangu ni hii hii, kufunga kofia za maduka, kwa hiyo niwape vipimo vya huku kwa faida ya mjadala. Majimbo mengi yanafuata kitabu kimoja cha kanuni za ujenzi, kila mji unaongeza yake. Kofia inayotokeza juu ya njia ya umma, chini yake kubaki futi 7 wazi, yaani mita 2.13, pamoja na ule upindo wa kitambaa unaoning'inia mbele. Kama iko chini ya futi 15 kutoka ardhini, isizidi theluthi mbili ya upana wa njia ya miguu. Nguzo zinaruhusiwa, lakini zirudi ndani angalau futi 2 kutoka ukingo wa barabara, na miji mingi inazikataa kabisa.

FimboNyeupe, hili lako limeandikwa huku. Kitu kinachotokeza ukutani, kikiwa kati ya sentimita 68.5 na 203 kutoka sakafuni, kisizidi sentimita 10. Hesabu imefanywa kwa ajili ya fimbo: kilicho chini ya hapo fimbo inakikuta, kilicho juu ya hapo kichwa kinapita.

Ila msidhani huku ni peponi. Chicago kwa miaka mingi kofia ya duka juu ya njia ya umma ilitakiwa ipitishwe na baraza la jiji, madiwani wanapigia kura turubai la kinyozi. New York kuna maeneo ambayo herufi kwenye turubai zisizidi inchi 12 kimo. Watu wakawa wanawaripoti wenye maduka kwa wingi, faini zikanyesha, maduka mengine yakashusha maturubai yakabaki na vyuma vitupu, mpaka 2019 baraza la jiji likasimamisha adhabu hizo kwa miaka miwili. Wengi waliopigwa walikuwa wahamiaji waliorithi turubai kutoka kwa mpangaji aliyetangulia.

mkosoaji_mkuu

Kumbe hata huko wanakatiwa. Nimepoa kidogo.

Mstaafu_Mipango

Hilo la kurithi turubai liwekeni wino mweusi. Unapopanga fremu, andika kwenye mkataba kofia ni ya nani na kibali chake kiko wapi. Hati ya ilani hupewa aliyepo. Ofisa hatauliza nani alichomelea.

Na mchora_ramani, nimeufikiria ule mpango wako wa karatasi moja. Ninaukubali kwa sharti: kibali kiwe cha mwaka mmoja, kibandikwe mlangoni, kionyeshe picha ya chini ya kofia ikiwa tupu. Mgambo akipita aone picha na aone uhalisia. Meza ikitoka, kibali kimekufa, na hamna haja ya kubishana sheria. Hapo hata ofisa asiye na gari anaweza kazi.

mchora_ramani

Mzee, hiyo picha ya chini tupu sikuwa nimeifikiria, naichukua kama ilivyo. Mwaka mmoja naona ni mfupi kwa kofia ya chuma iliyogharimu fedha. Miaka mitatu, picha ipigwe upya kila mwaka.

Mstaafu_Mipango

Miwili.

mchora_ramani

Miwili, yameisha.

Binti_Ngamiani

Mmeshapitisha sheria ndogo bila baraza la madiwani 😂

DukaLaKona

Wakuu nirudishe mjadala kwenye siku zangu saba, zimebaki nne. Ndoo nimeziondoa leo. Lenta ipo, mwenye jengo kakubali kutoboa ila anataka barua. Kofia naipunguza kutoka mita 3 hadi 1.2, na pazia la kushusha nimeshaulizia kitambaa. Swali la mwisho: maji. Zamani yalikuwa yanamwagika mbele, moja kwa moja barabarani. Sasa yakimwagikia mita 1.2 yatawalowesha wateja mlangoni. Mteremko niuelekeze wapi?

fundi_kuchomelea

Mteremko uwe wa kwenda mbele kama kawaida, usiurudishe ukutani hata ukiambiwa inapendeza, maji yatakaa kwenye maungio na ukuta utakunywa. Mbele funga gata, gata lenyewe literemke kidogo kuelekea upande mmoja, sentimita moja kwa kila mita inatosha. Bomba lirudi chini ya kofia hadi ukutani, lishuke limebanwa na ukuta, liishie mtaroni. Usilielekeze upande wa jirani mwenye kibaraza cha chini. Na kimo cha mita 2.4 kipimie chini ya gata, siyo chini ya bati, kwa sababu gata ndilo linalogonga vichwa.

mchora_ramani

Barua ya mwenye jengo iambatanishe na picha tatu: ndoo zikiwepo, ndoo zikiwa hazipo, na mchoro wa ubavuni wenye hivyo vipimo viwili, 1.2 na 2.4. Mchoro nitumie picha ya ukuta inbox nikuchoree, huo ni wa bure. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo.